Je, Wajua? George Lilanga wa Masasi na Mashetani Wake Wanaocheka

Je, wajua kwamba msanii wa Kitanzania ambaye kazi zake zimetundikwa London, Paris na Tokyo alizaliwa Kikwetu, wilaya ya Masasi, mwaka 1934? Jina lake George Lilanga. Huko nje wanamwita mchoraji, na kuchora alichora kweli. Lakini mkono wake ulianzia kwenye kuchonga, kama vijana wengi wa Kimakonde, na alianza na mzizi wa muhogo. Muhogo ni laini, kisu kinapita bila kulazimishwa, na mtoto akikosea hakuna wa kumgombeza. Miti migumu ilikuja baadaye, mkono ulipokwisha kukomaa.

Je, wajua kazi yake ya kwanza katika nyumba ya wasanii ilikuwa nini? Ulinzi. Lilanga alihamia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa mtu mzima, kama wanaume wengi wa kusini waliopanda basi kwenda kutafuta maisha. Jamaa yake, mchongaji Augustino Malaba, alikuwa tayari anafanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Lilanga akaajiriwa kama mlinzi. Kisha akaonyesha vinyago vyake, na ulinzi ukaisha.

Pale Nyumba ya Sanaa mchongaji wa Masasi alikutana na vitu ambavyo kijijini hakuwa navyo: wino na karatasi, batiki, ngozi ya mbuzi ya kuchorea, mabamba ya kuchapia picha, na vyuma vya kutengenezea mageti. Alivijaribu vyote. Wasanii wengi hupata kifaa kimoja wakakaa nacho mpaka kufa. Yeye alichukua sura zilezile akazipitisha kwenye mti, kwenye ngozi, kwenye chuma na kwenye ubao, na kila zilikopita zilibaki zake.

Je, wajua namna ya kumtambua Lilanga ukiwa mbali? Anza na vidole. Mikono ina vidole viwili au vitatu, miguu vilevile, minene na mifupi. Masikio yamesimama. Midomo imetuna, meno yako nje, tumbo limetangulia mbele ya mwenyewe. Sasa sogea karibu. Mwili wa bluu wenye madoa meupe umeshika kiuno cha mwili wa njano. Mkono wa yule wa njano unapita chini ya goti la mwingine mwekundu. Kati ya magoti kuna uso wa nne unaochungulia, na juu yao wote kuna mguu ambao inabidi uufuate kwa macho hadi ujue ni wa nani. Hakuna nafasi tupu. Macho yakitafuta pa kupumzika yanakuta jicho jingine linakutazama.

Na wanafanya nini? Wanafanya mambo yetu. Wanapika, wanabeba mitungi, wanacheza ngoma, wanakunywa pombe, wanagombana, wanaganga wagonjwa, wanashikana wasianguke. Hao ndio mashetani wa Lilanga, na hapo ndipo wageni wengi hupotea njia, kwa sababu wamezoea shetani wa mahubiri, mwenye moto na mkuki. Katika masimulizi ya Wamakonde mashetani wako wa porini na wa majini. Wapo wabaya, wapo wasumbufu tu, wapo wachekeshaji. Lilanga aliwachagua wale wanaoishi kama jamii, wenye ujirani na ugomvi wa ujirani.

Naamini hapo ndipo ilipo siasa yake. Hakuchora rais, hakuchora bendera, hakuandika kaulimbiu. Alichora kundi. Nani amebebwa, nani anabeba, nani ana tumbo kubwa, nani ananyoosha mkono akiomba, nani anacheka wakati mwenzake anaanguka. Kwa mtu aliyefanya kazi katika nchi ya chama kimoja, ambako magazeti makubwa yalikuwa ya serikali na ya chama, hayo ni mambo mazito. Picha ya kundi la mashetani inaweza kutundikwa sebuleni kwa mkubwa yeyote, na mkubwa huyo akaicheka bila kujua amejicheka.

Je, wajua kwamba mtindo wa mashetani una mtu anayetajwa kuwa ndiye aliyeuanzisha? Anaitwa Samaki Likankoa, Mmakonde wa Msumbiji aliyekuwa akichonga Dar es Salaam katika miaka ya 1950. Wakati ule soko lilitaka wazee wenye fimbo na akina mama wenye mitungi kichwani. Samaki akaanza kuchonga viumbe visivyo na umbo la kawaida, na mfanyabiashara wa vinyago Mohamed Peera akamnunulia na kumtia moyo aendelee. Wengine wakafuata. Miaka kadhaa baadaye dunia ilikuja kuuita mtindo huo sanaa ya asili ya Kimakonde, wakati ulikuwa mpya kabisa, umezaliwa mjini, na waliouzaa walikuwa wahamiaji.

Na ule mnara wa watu waliopandana, unaouzwa katika soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, hadi leo kwa jina la ujamaa? Huo ni wa Roberto Yakobo Sangwani, naye Mmakonde kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma. Kabla ya siasa kuuchukua uliitwa dimoongo, nguvu, na kiini chake ni mshindi wa mieleka aliyenyanyuliwa juu na wenzake. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, nchi nzima ikawa inatafuta picha ya ujamaa, na mti mmoja wa mpingo wenye watu kumi wanaoshikana ulifaa kuliko hotuba. Ukiuangalia vizuri, bado kuna mmoja aliye juu na wengi walio chini wanaobeba. Lilanga aliufahamu vizuri mnara huo. Katika picha zake aliulaza ubavuni: watu ni walewale, kushikana ni kulekule, lakini hakuna wa juu.

Je, wajua Newala na Masasi zilikuwa wapi wakati hayo yanatokea? Zilikuwa mstari wa mbele wa vita. Kutoka kwenye ukingo wa uwanda pale Newala, mahali panapoitwa Shimo la Mungu, unatazama bonde lote linaloteremka kuelekea Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda, katika uwanda wa Makonde wa upande ule. Chama cha ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, kiliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962. Vita vya silaha vilianza Septemba 1964 huko Chai, Cabo Delgado, na wakimbizi wakavuka mto kuja Mtwara, wachongaji wakiwa miongoni mwao. Katika maeneo yaliyokombolewa wachongaji walipangwa katika ushirika, na vinyago vyao vikapitia Tanzania kwenda kuuzwa nje. Kwa hiyo kinyago cha Kimakonde cha miaka ile kilikuwa na jasho la mchongaji na pia gharama ya vita ndani yake. Mtu akikuambia sanaa hii haijihusishi na siasa, muulize Mueda iko wapi.

Je, wajua kwamba kumkejeli mkubwa kupitia kinyago ni kazi ya zamani sana katika uwanda huu? Katika ngoma ya mapiko, mchezaji huvaa kinyago cha kichwa kizima, lipiko, mwili wake ukiwa umefunikwa kwa nguo asitambulike. Kwa walioalikwa kwenye ngoma, yule si fulani wa nyumba ya fulani. Na kwa kuwa si fulani, anaweza kuigiza mwendo wa mtu yeyote. Upande wa Msumbiji, ambako ngoma hii imeandikwa kwa kina, wachongaji wamechonga mapiko ya maofisa wa Kireno, ya wamisionari na ya wafanyabiashara wa kigeni. Kijiji kilicheka mbele ya mkubwa mwenyewe, na mkubwa hakuwa na wa kumkamata.

Tazama lipiko la zamani kwa karibu. Limechongwa kwa mti mwepesi, maana litavaliwa na mtu anayeruka. Nywele zake mara nyingi ni nywele za binadamu, zilizobandikwa kichwani kwa mistari kama kichwa kilichonyolewa upya. Chale za usoni zimewekwa kwa nta ya nyuki, zikainuka juu ya ngozi ya mti. Mdomo wa juu wa mwanamke una ndonya, pambo la mdomoni. Na uso umepakwa rangi.

Rangi! Hili nalisisitiza kwa sababu Lilanga alilaumiwa kwa kupaka vinyago rangi za mafuta, nyekundu ya kuwaka, bluu, njano, kijani, wakati soko lilikuwa limefundishwa kwamba kinyago halisi cha Kimakonde ni cheusi, kimepigwa msasa na kung'arishwa kwa kiwi. Lakini mpingo mweusi uliong'arishwa ndio uliokuja nyuma, kwa ajili ya wanunuzi wa mjini na wa ng'ambo. Kinyago cha kuchezea ngoma kilikuwa na rangi tangu zamani, na kilikuwa cha mti mwepesi. Lilanga alipochukua mti mwepesi akaupaka rangi, alikuwa karibu na wazee wa Newala kuliko wale waliomwambia ameacha mila.

Mpingo wenyewe, kwa kifupi: unakua polepole mno, miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kuvunwa, moyo wake ni mweusi, nje kuna tabaka la rangi ya maziwa, na mbali na vinyago, dunia huuhitaji kwa zumari aina ya klarineti na obo. Misitu ya Lindi na Mtwara ni miongoni mwa makao yake makuu.

Je, wajua kwamba kuna michoro ya penseli iliyofanywa Masasi na Newala mwaka 1906, na bado inaweza kutazamwa leo? Mwaka huo, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka kusini akiwa na kamera, fonografu ya kurekodia nyimbo na mashine ya sinema. Alikaa Masasi, akapanda Newala, akafika Mahuta. Akawapa watu wake na wenyeji karatasi na penseli, akawaambia wachore watakacho. Mmoja wa waliochora alikuwa nyapara wa wapagazi wake, aliyeitwa Pesa Mbili. Michoro hiyo ilichapishwa katika kitabu cha Weule kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Weule aliondoka pia na shehena ya vinyago kwenda Leipzig. Tunaposema sanaa ya kisasa ya Tanzania ilianza mjini katika miaka ya 1960, tumkumbuke Pesa Mbili, mtu aliyesimamia mizigo ya wengine mchana kutwa na jioni akakaa chini na kuchora alichokiona.

Masasi na dini je? Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilifika mwaka 1876, chini ya Askofu Edward Steere, mtaalamu wa Kiswahili, ikiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Wabenediktini walijenga Ndanda mwaka 1906. Askofu Vincent Lucas wa Masasi alifanya jambo lililowashtua Wakristo wengi wa Ulaya: aliikubali jando, akaipa sura ya Kikristo badala ya kuipiga marufuku. Na kuanzia mwaka 1960 hadi 1968 askofu wa Masasi alikuwa Trevor Huddleston, yule yule aliyepambana na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini na kuandika kitabu kilichoitikisa Uingereza mwaka 1956. Mahali ambapo mtu wa mjini hudhani pamejificha nyuma ya mikorosho, mabishano makubwa ya karne yalipita barabarani. Lilanga alikulia katika mabishano hayo, jando upande mmoja na kanisa upande mwingine, na nikitazama mashetani wake sioni wakichagua upande. Wanacheza katika pande zote mbili.

Je, wajua kilichotokea kijijini wakati Lilanga anahamia mjini? Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuhamishwa kwa wingi kwenye vijiji vya ujamaa, kwa sehemu kwa sababu ya hofu ya mashambulizi ya Wareno mpakani. Operesheni Vijiji ilipopamba moto katikati ya miaka ya 1970, familia zilikuwa zimeachana na mikorosho yao, miti iliyobaki mbali na makazi mapya bila palizi. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, bei mbovu na ugonjwa wa ukungu wa majani vikiwemo, lakini muulize mzee yeyote wa Newala akuanzie na kuhamishwa. Ndiyo maana naona makundi ya Lilanga, miili iliyobanana hadi mguu wa mmoja unaota kwenye bega la mwingine, yana maana zaidi ya mapambo. Kubanana huko watu wa kusini walikuishi.

Maji, neno moja. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Mchanga hunywa mvua yote, na kwa vizazi wanawake waliteremka bondeni na kupanda tena na maji kichwani. Ukiona shetani wa kike wa Lilanga ana mtungi, usidhani ni urembo.

Je, wajua uhusiano wa Tingatinga na huku? Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, wilaya iliyokuwa ikipakana na Masasi kwa upande wa magharibi, na mama yake alikuwa Mmakua, kabila ambalo Masasi ni nyumbani kwake. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, juu ya vibao vya mraba. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka minne tu, na wanafunzi wake wakaifanya kazi hiyo kuwa shule nzima. Lilanga naye alikuja kutumia vibao na rangi za kung'aa, na watalii huwachanganya wawili hawa. Wasichanganywe. Tingatinga alichora mnyama mmoja katikati ya uwanja wa rangi, akampa nafasi ya kupumua. Lilanga hakumpa mtu nafasi hata ya kujikuna.

Je, wajua kwamba wahakiki wa Marekani na Ulaya hupenda kumlinganisha Lilanga na Keith Haring, yule mchoraji wa New York wa sura zinazorukaruka? Mfanano upo: mistari minene, miili iliyojaa ubao, mwendo usiokoma. Angalia tarehe, hata hivyo. Haring alianza kuchora kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi New York mwaka 1980. Kazi za Lilanga zilionyeshwa katika Kituo cha Utamaduni cha Marekani Dar es Salaam mwaka 1974, na kabla ya muongo kwisha zilikuwa zimefika Washington kwa wingi. Sisemi nani alimwona nani. Nasema tu kwamba sentensi ya haki ianze na mzee wa Masasi.

Lilanga hakuwa peke yake kwenye mlango wa ng'ambo. Mwaka 1989 kituo cha Pompidou, Paris, kiliandaa maonyesho ya Magiciens de la Terre, ambayo hadi leo yanabishaniwa kwa jinsi yalivyoweka wasanii wa Ulaya na wa mabara mengine sakafu moja. Mmakonde alikuwepo: mchongaji John Fundi.

Kisha ikaja zamu kubwa ya Lilanga. Maonyesho ya Africa Remix, yaliyoandaliwa na Simon Njami, yalifunguliwa Düsseldorf mwaka 2004, yakaenda London, Paris, Tokyo, Stockholm, na mwaka 2007 Johannesburg. Lilanga alikuwemo. Tarehe 27 Juni 2005, wakati maonyesho hayo yako Paris, alifariki Dar es Salaam. Kisukari kilikuwa kimekwisha kumnyang'anya miguu miaka michache kabla. Aliendelea kuchora akiwa amekaa, akizungukwa na vijana wake. Watu wa Paris walikuwa wakipita mbele ya kazi zake wiki ileile jamaa zake walipokuwa wakimzika.

Na je, wajua Ikulu siku hiyo alikuwamo nani? Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, miezi yake ya mwisho madarakani. Wilaya moja iliipa Tanzania rais wa awamu ya tatu na msanii aliyeonyeshwa duniani kuliko karibu wote. Rais anafahamika kwa kila mtoto wa shule. Yule mwingine, waulize watoto.

Tukiwa kwenye siasa na picha: anayechora wakubwa kwa sura zao huipata njia ngumu zaidi. Mchora katuni Godfrey Mwampembwa, Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejijengea jina Nairobi, anaijua. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilizuiwa Tanzania. Serikali ilisema halikusajiliwa, na wengi wakakumbuka katuni yake ya Rais Kikwete iliyokuwa imetoka siku hizohizo. Ninamheshimu Gado kwa moyo wote. Ila kila nikimfikiria ndipo ninapoelewa uzito wa lipiko na wa mashetani. Ni namna ya kusema iliyotengenezwa na watu walioishi chini ya Wajerumani, Waingereza na Wareno, halafu chini ya amri za kuhama za serikali yao wenyewe, na wakaendelea kusema.

Je, wajua kwa nini kuna picha nyingi zenye jina la Lilanga ambazo mkono wake haukuzigusa sana? Alikuwa na karakana yenye wanagenzi. Yeye alichora mistari, wengine wakajaza rangi. Yeye alitoa umbo, wengine wakachonga. Afya ilipodhoofika, sehemu yao iliongezeka. Wanunuzi wa Ulaya hulalamika, na soko limejaa kazi za kughushi kabisa, jambo ambalo ni wizi. Lakini karakana yenyewe siioni kuwa udanganyifu. Vinyago vya ngoma havikuwa na sahihi. Fundi alikuwa na vijana wake, na kazi ilikuwa ya nyumba. Tofauti iko kwenye mstari: mstari wa Lilanga mwenyewe unazunguka tumbo mara moja bila kusita, na wa kughushi huonekana umesimama njiani kufikiri.

Kazi zake nyingi bora ziko wapi? Nje. Zimo katika mkusanyo wa sanaa ya Afrika wa Jean Pigozzi, ulioko Geneva, na katika Hamburg Mawingu Collection ya Ujerumani, na katika nyumba za watu binafsi toka Italia hadi Japani. Nyumba ya Sanaa yenyewe, lile jengo la Dar es Salaam lililozinduliwa miaka ya 1980 na kupambwa kwa mikono ya wasanii wake, halipo tena. Linaniuma hili, na sitalipunguza makali. Taifa lilipata jengo ambalo kuta na mageti yake vilikuwa kazi za sanaa, na halikulitunza.

Waliobaki wanafanya kazi. Mjukuu wake, Hendrick Lilanga, ni mchoraji anayejulikana, amechukua mashetani wa babu akawaingiza katika mji wa leo. Mtwara kuna tamasha la MaKuYa, linaloandaliwa na asasi ya ADEA, ambalo hukusanya ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Wacheza vinyago hutoka vijijini kuja kucheza mbele ya watu wa mjini na watoto wao. Mapiko hayajafa, wala hayajageuka onyesho la wageni pekee.

Kinachokosekana ni kimoja, na si ghali. Masasi na Newala zina shule za sekondari, zina maktaba ndogo, zina kumbi za halmashauri ambazo kuta zake zina kalenda na picha za viongozi. Nakala kumi za picha za Lilanga, zilizochapwa vizuri kwa ukubwa wa ubao wa darasani, kwa ruhusa ya familia na ya wanaomiliki kazi hizo, zingetosha kuanzia. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili na Kimakonde: jina, Kikwetu, 1934. Na waalikwe wachongaji wa pale wawasimulie wanafunzi kila shetani anafanya nini, kwa sababu hilo makumbusho ya Paris hayakuweza kulifanya.